Nguo Ifuate Mwili, Mwili Usifuate Nguo: Juu ya Taye na Vikwembe vya Mtindo wa Zamani

Mtindo wa zamani umerudi katika mji wetu. Mikono ya kuvimba mabegani, kola pana, kiuno cha kubanwa, sketi ya kushuka mpaka chini: mambo ambayo wamama zetu walivaa katika miaka ya 1970, leo yanatundikwa tena mbele ya maduka ya Butembo na Beni. Sisi wanawake tunafurahi, na tuko na haki ya kufurahi. Kikwembe kizuri ni heshima ya mwenye kukivaa.

Lakini kuna kitu kimebadilika, na watu wengi hawakiangalii. Wamama zetu walinunua kitambaa, kisha wakaenda kwa fundi. Sisi tunanunua robe iliyokwisha kushonwa, iko ndani ya plastiki, na shingoni iko na etiketi: S, M, L, XL, ao 38, 40, 42. Nyingi zimetoka kule China, zikapita Mombasa, Kampala na Kasindi kabla ya kufika kwetu. Mtindo ni wa zamani, lakini njia ya kumvalisha mwanamke ni mpya kabisa. Zamani fundi alimuuliza mama: «Mwili wako uko namna gani?» Siku hizi muuzaji anamuuliza: «Mama, unavaa taye ngapi?» Maulizo haya mawili hayafanani hata kidogo, na mimi nasema lile la pili linatuletea hasara ya mfuko na hasara ya roho.

Angalieni namna mambo yanapita. Mama anaingia dukani, anasema anavaa 42. Robe ya 42 inakataa kupita kwenye kifua. Muuzaji analeta XL. Ile inaingia kifuani lakini inaelea kiunoni kama gunia. Analeta nyingine, nayo iko L, lakini ni kubwa kuliko ile ya XL, kwa sababu imetoka kiwanda kingine. Mwishoni muuzaji anachoka, naye anatoa ile sentensi tunayoijua sote: «Mama, umenenepa.» Ao kwa dada mwembamba: «Wewe hauna mwili wa kuvaa hii.» Na mama anatoka akiwa na haya, ao ananunua ile nguo kwa aibu, akisema ataikazia mwili. Nguo imeshindwa, lakini anayehukumiwa ni mwanamke.

Ubaya huu umefika hata shuleni. Sisi walimu tunasikia wasichana wa miaka 14 ao 15 wakiitana kwa herufi za etiketi. «Huyu ni XXL.» Mtoto ambaye mwili wake unakua sawa na Mungu alivyopanga, anajifunza kuuchukia kwa sababu ya karatasi ndogo iliyoshonwa na mtu ambaye hajawahi kumuona. Mnaona hiyo ni jambo dogo? Mimi sioni hivyo.

Basi tuulize: hizi namba zinatoka wapi? Wengi wanaziheshimu kama vile kilo na mita, wakifikiri kuna mahali zilipowekwa kwa hakika. Hapana. Kule Marekani, mwaka 1939 na 1940, Ruth O'Brien na William Shelton walisimamia kazi ya kupima wanawake karibu 15.000 kwa ajili ya wizara ya kilimo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1941. Katika hesabu ya mwisho vipimo vya wanawake wasio wazungu viliachwa pembeni. Mwaka 1958 serikali yao ikatoa kanuni ya taye za wanawake. Mwaka 1983 ikaiondoa. Toka siku ile kila kampuni inajiandikia namba inavyotaka. Katika kanuni ya 1958, namba 8 ilikuwa ya mwanamke mwenye kiuno cha karibu sentimita 60. Leo katika maduka mengi ya kule, namba 8 hiyohiyo inavaliwa na mwenye kiuno cha sentimita 70 na kupita. Mwili wa mteja ulikua, wafanyabiashara wakashusha namba ili afurahi na anunue. Ndiyo maana mtu akipata katika balo robe ya kweli ya miaka ya zamani kutoka Marekani, namba inayosoma shingoni haimsaidii kitu.

Wafaransa nao walipima watu wao. Katika kampeni ya miaka ya 2003 mpaka 2005 walipima wanaume, wanawake na watoto zaidi ya 11.000, wakaona kwamba mwanamke wa kwao, kwa wastani, ana urefu wa sentimita 162,5 na uzito wa kilo 62,4. Ni kazi nzuri, kwao. Lakini katika hesabu hizo mama wa Butembo hayumo, mama wa Beni hayumo, na yule wa Rughenda anayepanda mlima na mzigo wa mihogo mgongoni hayumo. Kisha hata wazungu wenyewe hawapatani: 38 ya Ufaransa ni 36 ya Ujerumani, ni 42 ya Italia, ni 10 ya Uingereza, ni 6 ya Marekani. Mwanamke mmoja, siku moja, namba tano! Sasa weka juu yake zile S na L za viwanda vya China, ambamo mara nyingi XL ya kwao inalingana na M ao L ya Ulaya. Nani atakuja kumwambia mwanamke wetu kwamba ni yeye amekosea?

Hapa wengine watasema: «Mwalimu, unatetea mila kumbe kikwembe chenyewe si cha kwetu.» Ni kweli, na tusidanganyane katika kitabu cha mila. Wax ilianza kwa Waholanzi walioiga batiki ya Java. Kampuni ya Vlisco ilianzishwa kule Helmond mwaka 1846. Leo sehemu kubwa ya vikwembe vinavyouzwa kwetu vinatoka China. Na hata lile wazo la kwamba mwanamke wa kweli wa Kongo ni yule wa kikwembe, lilitiwa nguvu na amri: mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika siasa ya kurudi kwenye asili, utawala wa Mobutu ulikataza wanawake suruali, sketi fupi na nywele za bandia, huku wanaume wakiingizwa katika abacost. Mimi siombi amri ya namna ile irudi. Mwanamke avae suruali, avae robe, avae kikwembe, ni shauri lake.

Mila ninayoitetea si kitambaa. Ni kipimo. Katika Kiswahili cha misafara ya zamani, kitambaa kilipimwa kwa mwili wa mtu: mkono, yaani toka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na shibiri, yaani upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Mikono 4 ilifanya shuka, mikono 8 ilifanya doti. Mpaka leo wanawake wa Mombasa na Unguja wananunua kanga kwa doti. Sikieni vizuri: mwili ndio uliokuwa mita, kitambaa ndicho kilichopimwa. Hakuna mtu aliyemwambia mwanamke kwamba yeye ni «doti ndogo» ao «doti kubwa».

Na kikwembe chetu kilishika akili ileile. Yadi 6, karibu mita 5 na nusu, zinatoa vipande vitatu: kimoja kinashonwa libaya, kimoja sketi ao cha kufunga chini, na kimoja cha kufunga juu. Kipande cha kufunga hakijui taye. Binti anakizungusha, mama anakizungusha, nyanya anakizungusha. Mwenye mimba anakilegeza, aliyejifungua anakikaza, kisha anabebea mtoto mgongoni. Akinenepa kinamkubali, akikonda kwa ugonjwa ao kwa kukimbia vita, kinamkubali pia. Katika eneo letu, ambapo watu wengi wamekimbia vijiji vyao tangu mauaji yaliyoanza kule Beni mwishoni mwa mwaka 2014, hilo si neno la mapambo. Kuna mama aliyefika mjini na kipande kimoja tu, nacho kilikuwa nguo, shuka la kulalia na mkokoteni wa mtoto.

Libaya ndilo lililohitaji fundi, na fundi alikuwa na mita shingoni. Alipima kifua mahali kinapojaa, kiuno mahali kinapopungua, nyonga mahali zinapopanuka, kisha toka bega mpaka kiunoni, upana wa mgongo, mzunguko wa mkono. Aliandika katika kaye yake. Mama aliporudi mwaka uliofuata, fundi alifungua ukurasa na kumpima tena, bila kumcheka. Hii njo mila. Hakuna mwanamke aliyekuwa na namba. Kila mmoja alikuwa na ukurasa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wauzaji wa robe za mtindo wa zamani hawawaambii. Katika nguo zote, ile ya mtindo wa zamani njo inayotaka kipimo zaidi. Tisheti inavutika, ukikosea kidogo inakusamehe. Wax ni pamba isiyovutika. Robe iliyokatwa kiunoni, yenye pensi za kifua na fermetiri mgongoni, ikipungua sentimita 2 haifungi, na ikizidi sentimita 5 inaanguka. Tena kuna urefu wa toka bega mpaka kiuno: wanawake wawili wenye kifua sawa na kiuno sawa wanaweza kutofautiana hapo kwa sentimita 4, na mmoja wao atavaa kiuno cha robe juu ya mbavu zake. Etiketi ya L haisemi neno juu ya hayo.

Pindueni pia ile robe, muangalie ndani. Fundi mzuri wa zamani aliacha ndani ya mshono vidole viwili vya kitambaa, kwa kujua kwamba mwanamke anazaa, ananenepa, anakonda. Nguo ilifunguliwa, ikashonwa upya, ikaendelea miaka 10, kisha ikarithiwa na binti. Robe ya kiwanda inaachiwa sentimita moja tu, tena imekatwa na mashine. Kupunguza kunawezekana, kupanua hakuna. Halafu pamba inaweza kurudi kidogo siku ya kwanza inapofuliwa. Fundi mwenye akili analoweka kitambaa kabla ya kukikata. Kiwanda hakikuahidi hilo. Robe iliyokubana kidogo dukani, baada ya kufuliwa inaweza kukataa kabisa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi naongeza: hata nguo uliyoinunua kwa makuta yako, kama ilikatwa kwa mwili wa mwingine, ni ya kuazima.

Najua jibu la watu. La kwanza: «Robe ya duka ni bei rahisi.» Hesabuni vizuri, kama tunavyowafundisha watoto. Wekeni bei ya robe, ongezeni retushi, ongezeni pesa ya motari wa kwenda na kurudi, kisha gawanyeni kwa siku mtakazoivaa. Robe iliyovaliwa mara mbili na kulala kabatini ni ghali kuliko libaya lililovaliwa misa zote za mwaka. Lakini nakubali hili: kuna mama asiyeweza kupata pesa za kitambaa na za fundi siku moja. Huyo simlaumu hata kidogo. Namlaumu yule anayemuuzia bila mita dukani.

Jibu la pili ni zito zaidi: «Mafundi wanatuchosha.» Hapo mafundi wa Butembo wainamishe vichwa. Fundi anakuahidi Ijumaa, unafika Ijumaa, anakuambia «mama, umeme ulikosa», kumbe kitambaa hakijakatwa. Mwingine anakutazama tu toka mlangoni na kusema: «Nimekwisha kukuona, hakuna haja ya kupima.» Huyo ni kiwanda cha mtu mmoja! Mwingine anakula mabaki ya kikwembe chako, na kesho unaona kofia ya mtoto wake. Mkifanya hivyo, wateja watakimbilia plastiki ya China, na hamtakuwa na haki ya kulia. Kizuri chajiuza, lakini kizuri kisichokamilika siku ya harusi hakiuzi kitu.

La tatu ni juu yetu sote, sisi watu wa makomite. Harusi moja, kikwembe kimoja. Tarehe 8 Machi, kikwembe kimoja. Sawa, umoja ni mzuri. Lakini siku hizi komite nyingine zinaagiza hata robe zilizoshonwa tayari, kwa modeli moja: kubana kiuno, mgongo wazi, mkia kama samaki. Zinaleta S 20, M 20, L 20, basi. Mama mkwe wa miaka 60, dada mwenye mimba ya miezi 7 na binti wa miaka 18 wanaambiwa wagawane herufi. Tumeona wamama wakikosa kwenda kwenye harusi ya ndugu yao, wakisema wanaumwa, kumbe robe haikuingia. Je, hii ndiyo sherehe ya ukoo? Kitambaa kiwe kimoja, modeli iachiwe kila mtu na fundi wake. Umoja uko kwenye rangi, hauko kwenye kiuno.

Kuna watu wengine wanaolipa deni hili kimya, nao ni wanafunzi wetu. Nchi yetu iko na opsyo ya kukata na kushona katika shule za sekondari, na mitihani ya serikali inafanyika. Kila mwaka wasichana wanatoka na diplome, wanajua kuchora patroni, kukata pensi, kuweka kola. Kisha wanakaa barazani na cherehani ya kuazima, wakingoja mteja wa kubadilisha fermetiri. Yule mteja amepita mbele yao na robe ya plastiki mkononi, na atarudi kwao kwa retushi ya bei ndogo. Tunalipa masomo ya mtoto miaka na miaka, kisha tunampa kazi ya kurekebisha makosa ya mtu wa mbali. Hapa Rughenda, karibu na kiwanja cha ndege, na katika makartie yote ya mji, mikono ya kushona haikosekani. Kinachokosekana ni sisi kuwaamini na wao kushika neno lao.

Sisemi maduka yafungwe. Biashara ndiyo iliyojenga Butembo, na hakuna mtu wa akili atakayeilaani. Nasema mambo machache, na yote yanawezekana kuanzia wiki hii.

Mnunuzi, jua vipimo vyako kwa sentimita: kifua, kiuno, nyonga, na toka bega mpaka kiuno. Viandike kwenye karatasi ao katika telefone yako. Ukiingia dukani usiseme «navaa 42». Omba mita, pima robe ikiwa imelazwa mezani, zidisha mara mbili, linganisha. Kwa nguo ya wax, kifua cha robe kizidi chako kwa sentimita 4 mpaka 6, usije ukakosa pumzi kanisani. Kama sehemu moja lazima ikosee, chagua robe inayotosha kifua. Kiuno kitapunguzwa na fundi.

Muuzaji, nunua mita. Bei yake haifiki bei ya sukari ya asubuhi. Andika sentimita juu ya bidhaa yako, na uache neno «umenenepa» nyumbani kwako. Ukiagiza mzigo kule Guangzhou, agiza kwa sentimita. Ni wewe mwenye makuta, si kiwanda.

Fundi, pima kila mtu, kila mara. Loweka kitambaa. Acha vidole viwili ndani ya mshono. Rudisha mabaki. Na ukisema Ijumaa, iwe Ijumaa.

Na sisi walimu, somo la kupima lisibaki kwenye ubao. Mtoto anayejua kupima meza ya darasa ajue pia kupima bega la mama yake. Tena tumkemee kila mwanafunzi anayemwita mwenzake kwa herufi ya etiketi, kama vile tunavyomkemea anayetukana. Kwa maana ni tusi.

Mtindo wa zamani umerudi. Tuupokee kwa mikono miwili. Lakini tukipokea kola pana na mikono ya kuvimba, halafu tukaacha mita ya fundi na ule ukurasa wa kaye wenye jina la kila mama, tutakuwa tumerudisha maganda na kutupa ndizi. Kipimo kilitoka mwilini mwetu. Kirudi mwilini mwetu.